Wino wa Dobi

Ukimletea Mama Pasi nguo yenye doa, usimwambie doa ni la nini. Hilo lilimuudhi. Alipenda alinuse mwenyewe, alikune kwa ukucha, alitazame kwenye mwanga wa dirisha, halafu akutajie yeye: hii ni damu ya pua, huu ni mchuzi wa jana, na hii ni rangi ya mdomo wa mtu ambaye si mkeo, lakini mimi ni dobi, si hakimu. Nusu ya mtaa ilifua kwake kwa sababu aliosha vizuri. Nusu nyingine ilifua kwake ili asije akasema.

Jina alilipata kwa pasi yake ya mkaa, nzito kama mgeni asiyetaka kuaga. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa cha kazi: meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu, mabeseni yaliyopangana kama sufuria za harusi, kamba za kuanikia siku za mvua, na kwenye rafu kichupa cha wino mweusi na kijiti chake. Kila nguo iliyoingia ilitiwa alama ndogo ndani ya kola au kwenye mkanda, nukta na mstari kwa mwalimu, msalaba kwa muuza dawa, ili shati la mtu lisiishie mgongoni kwa mwingine. Wino huo hautoki. Sabuni haiuwezi, jua haliuwezi. Nguo huchakaa, ikageuka tambara la kudekia, na alama bado ipo, inakutazama.

Mumewe alikuwa seremala. Watu wote walimwita Fundi, na mkewe pia alimwita hivyo akiwa amekasirika. Akiwa na furaha alimwita mzee wangu. Fundi alikuwa mtu wa kula. Si mlafi, hapana. Alikula kama anavyopiga randa, taratibu, akirudia pale pale mpaka sahani ing'ae. Kwa hiyo mkewe alipoona anaacha nyama pembeni alijua kuna jambo. Ilianza nyama, ukafuata mkate, kisha wali, kila kitu kikamkwama katikati ya kifua, akawa anajipiga ngumi kama mtu anayejipigia hodi mwenyewe. Alisema ni gesi. Wanaume kila kitu ni gesi mpaka wabebwe.

Hospitali kubwa walimpitisha mpira wenye taa kooni, wakakata kinyama kidogo, wakapeleka kupima. Jibu likaja: saratani ya umio, njia ya chakula. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia kwa mnyororo shingoni, na hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema uvimbe umekaa mahali pabaya pa kukata, ila mionzi inaweza kuupunguza. Ukipungua, mzee atameza. Ukiachwa, njia itaziba, na mtu njia yake ikiziba hata maji ni shida. Mama Pasi alisikia mengi siku ile, lakini neno alilolishika ni hilo moja, atameza, akarudi nalo nyumbani kama mtu aliyebeba yai kwenye kiganja.

Fundi ndiye aliyeuliza maswali. Alitaka kujua kama mionzi hiyo ndiyo ile aliyopigiwa picha ya mkono mwaka alioanguka kutoka darini. Daktari akamwambia ni ukoo mmoja, ila ile ya picha ni kidogo, inachungulia tu na kupita; hii ya sasa imekuja kufanya kazi. Akasema hata hapo walipokaa mionzi kidogo ilikuwa inawapitia, kutoka angani, ardhini, kwenye mawe ya ukuta, na mwili umezoea kuishi nayo. Ya mashine ni nyingi, na kwa sababu ni nyingi lazima iende mahali pake tu. Ikiupata uvimbe inauua. Ikienda pembeni inaunguza kizima.

"Kama patasi," Fundi akasema.

"Kama patasi," daktari akakubali, ingawa kwa mikono ile laini hakuwa amewahi kushika hata moja.

Nyumbani wifi alikuwa anawangoja. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mjane, aliyehamia kwao ili kusaidia kuuguza, maana yake alikaa kwenye kiti cha uzi na kutoa maoni. Aliposikia neno mionzi alihamisha godoro lake hadi chumba cha mabeseni. Akakataa kikombe alichonywea kaka yake. Akamkataza Mama Pasi kuanika mashuka ya mgonjwa kamba moja na gauni lake, na yote hayo aliyasema huku simu ameibana sikioni tangu asubuhi mpaka sikio limekuwa jekundu.

"Wifi, kwani kaka yako anawaka gizani?" Mama Pasi akamuuliza.

"Mimi sijasema anawaka. Nimesema sijui."

"Basi mwache alale na mimi. Akiwaka tutaokoa mafuta ya taa."

Utani ni utani, lakini wifi alikuwa na mdomo usio na kifuniko, na baada ya muda mfupi mtaa wote ulijua kwamba nyumba ya dobi ina mionzi. Mwalimu akaja kuchukua mashati yake yakiwa bado mabichi. Muuza dawa, ambaye ungetegemea ajue zaidi, alituma mtu. Mama Pasi alikwenda kumuuliza fundi wa mionzi pale hospitali, mwanamume mfupi, mpole, mwenye kalamu nyingi mfukoni kuliko karani, naye akamweleza kwa subira. Mashine ni kama tochi. Ukimulika ukuta kuna mwanga, ukizima mwanga haubaki ukutani. Mzee akitoka humo ndani hana kitu cha kumwambukiza mtu, amkumbatie anayetaka. Wapo wagonjwa wengine wanaomezeshwa dawa yenye mionzi, hao hukaa mbali na watoto na wajawazito kwa muda. Mzee wake si mmoja wao. Mama Pasi aliupeleka mfano wa tochi nyumba kwa nyumba. Wengine waliuelewa, wakarudisha nguo. Wengine walitikisa kichwa kwa heshima, na mashuka yao hakuyaona tena.

Kabla ya kuanza kupigwa mionzi, Fundi alilazwa chali juu ya meza ngumu ya mashine ya picha, kifua wazi, mikono juu ya kichwa kama mtu aliyekamatwa. Mistari ya mwanga mwekundu ikamkatiza. Yule fundi wa mionzi akazunguka, akapima, akapima tena, kisha kwa kalamu ya zambarau akamchora misalaba, mmoja katikati ya kifua na mingine ubavuni. Mama Pasi aliitwa ndani ili aone.

"Mama, hii ndiyo ramani," akamwambia. "Kila siku mashine itaifuata hii. Msisugue hapa, msipake mafuta. Zikianza kufifia mje mniambie, nitazikoleza mwenyewe."

Akaongeza kwamba zikifutika kabisa itabidi mzee arudi kwenye mashine ya picha, na foleni ya mashine ya picha mama ameiona. Ameiona, ndiyo. Ilianzia mlangoni, ikafuata korido, ikashuka ngazi, na wengine walikuwa wamekuja na mito. Sasa, kati ya maneno yale mawili, la kwenda kumwambia na la foleni, lipi lililokaa kichwani mwa Mama Pasi? Hata wewe ungelikumbuka la foleni.

Wakaanza. Kila asubuhi ya siku za kazi walikwenda, wakakaa kwenye benchi mbele ya mlango mnene kuliko ukuta, wenye alama ya manjano iliyofanana na feni ya mabawa matatu. Jina likiitwa, Fundi aliingia, wahudumu wakamlaza, wakamnyoosha, halafu wote wakatoka mbio mbio, mlango ukajifunga kwa kishindo cha pole, na taa nyekundu ikawaka juu yake. Kitu hicho kilimkera Mama Pasi kuliko kingine chochote. Aliwauliza, kama hiyo ni dawa, mbona ninyi mnaikimbia? Wakamjibu kwamba mgonjwa anapata ya kwake tu, imepimwa, na faida yake ni kubwa kuliko madhara. Wao wakikaa humo watapata ya kila mtu, kutwa, mwaka mzima, bila ugonjwa wowote wa kutibiwa. Jibu lilikuwa na akili. Hata hivyo alibaki akiutazama ule mlango, na mtu wake yuko upande wa pili peke yake, na yeye mwanamke aliyezoea kuingiza mikono ndani ya kila kitu mpaka kwenye kiwiko, leo hana pa kuingiza hata kidole. Alikunja leso. Akaikunjua. Akaikunja tena kwa pembe nne sawasawa.

Katikati ya matibabu yule fundi wa mionzi alikwenda likizo, wakawa wanapokezana wengine. Walikuwa watu wazuri, wana haraka tu. Wagonjwa walikuwa wengi na mashine ilikuwa moja.

Basi jioni moja, jua bado lipo dirishani, Mama Pasi alimvua mumewe shati alilotoka nalo hospitali. Joto lilikuwa kali siku hizo na Fundi alikuwa ametoka jasho jingi. Ndani ya shati, upande wa kifua, aliona rangi ya zambarau. Akaligeuza kwenye mwanga. Kisha akamtazama mumewe kifuani: misalaba imebaki kivuli, ule wa katikati umebaki mkono mmoja na nusu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuchukia doa kwa kuwa limetoka kirahisi.

Kesho yake ilikuwa mapumziko, hospitali hawapigi. Mpaka siku ya kwenda, jasho lingekuwa limemaliza lililobaki. Akaiona foleni. Akaiona ile mito. Akamwona mzee wake amesimama kwenye ngazi akisubiri kupigwa picha upya, na uvimbe nao haukai likizo.

Akaenda kwenye rafu akachukua kichupa.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza ukutani. Alikuwa amekonda, na ngozi ya kifua imekuwa pana kuliko mwenyewe, kama koti la kuazima. Mama Pasi akapiga magoti mbele yake. Akafanya alichofanya kwa mashati maelfu: akaweka kiganja cha kushoto, akaivuta ngozi pembeni mpaka ikanyooka bila mkunjo, akaishikilia hapo, na kwa mkono wa kulia akafuatisha vile vivuli kwa kijiti, mstari mwembamba, safi, usio na tone. Msalaba wa katikati. Msalaba wa ubavu huu. Msalaba wa ubavu ule. Akapuliza ukauke. Tangu neno saratani liingie nyumba ile mikono yake ilikuwa haijafanya kitu chochote chenye maana, na sasa ilikuwa imefanya. Alikuwa akiimba kwa pua, wimbo usio na maneno.

"Hiyo sasa hata ukioga kwa magadi," akamwambia, "utafutika wewe, ibaki yenyewe."

Fundi aliinamisha kidevu akakitazama kifua chake kwa muda mrefu. Alisema mkono wa mkewe haujatetereka hata kidogo. Mama Pasi alilala vizuri siku ile.

Wale wa zamu wakaifuata ramani mpya. Mmoja wao hata aliwasifu, akasema laiti wagonjwa wote wangetunza alama zao namna ile. Mama Pasi alirudi na sifa hiyo nyumbani akampa wifi yake aitafune.

Yule mwenye kalamu nyingi aliporudi kutoka likizo, aliwasalimia kwa furaha, akamwambia mzee anaonekana ametulia. Akamwingiza. Mama Pasi akakaa kwenye benchi akisubiri mlango ufungwe na taa iwake. Mlango haukufungwa. Akaona mhudumu katoka, karudi. Akaona daktari anakuja kwa hatua ndefu, miwani tayari ipo puani. Halafu wakamwita.

Fundi alikuwa amelala chali, mikono juu. Mistari myekundu ya mwanga ilikuwa imemkatiza kifuani, na misalaba yake myeusi, mizuri, ilikuwa imekaa kando. Si mbali. Upana wa vidole vyake, vya dobi, vinene. Ngozi iliyovutwa ilikuwa imerudi kwao na kuondoka na mistari yake, na mtu aliyechorwa amekaa kwenye kigoda akilazwa chali ngozi yote hutiririka kwenda mbavuni, hilo hata wewe ukilala sasa hivi unaweza kujipima. Upande mmoja wa kifua palikuwa pameanza kuiva na kuwa pekundu, pembe nne, mahali ambapo hapakutakiwa kuiva.

"Nani amechora hizi, mama?"

"Mimi," akajibu, na aibu yake kubwa baadaye ilikuwa hii, kwamba alilijibu swali lile kwa kujivuna.

Waliwaweka kwenye kijichumba chenye kalenda na viti vya plastiki. Daktari alikaa nao usawa mmoja, hakujificha nyuma ya meza. Alisema kosa la kwanza ni la hospitali. Waliokuwa zamu walipaswa kulinganisha na picha na vipimo, si kuamini ngozi tu, na hilo atalipeleka linakohusika. Mama Pasi akasubiri amgeukie yeye, amseme, amkaripie kama mtoto aliyemwaga maziwa. Hakumkaripia. Ingekuwa heri.

Alichosema ni kwamba sehemu ya uvimbe ilikuwa imekosa mionzi kwa siku zote hizo, na sehemu ya pafu, isiyo na ugonjwa, ilikuwa imeipata.

"Basi muanze upya," Mama Pasi akasema. "Tutakaa foleni. Nitakuja na mto."

"Hatuwezi kuanza upya, mama. Nyama ya mtu ina kiasi chake. Uti wa mgongo, moyo, mapafu, kila kimoja kina kiasi kinachostahimili maisha yote, na kikishapokea hakisahau. Tutarekebisha, tutaongeza pale panapowezekana, kidogo. Halafu tutaona."

"Na ile iliyoingia mahali siyo? Hamna kitu cha kuitolea?"

Daktari akavua miwani. "Haimo, mama. Ilishapita. Kilichobaki ni ilichokifanya."

Mama Pasi akaanza na madoa anayoyajua. Damu inatoka kwa maji baridi, kutu inatoka kwa limau na chumvi, wino wa kawaida kwa maziwa. Alikuwa akiyapitia yote kichwani, moja moja, mpaka rafu ikaisha.

Na ule wino nao haukutoka. Yule fundi wa mionzi alijaribu kwa spiriti, polepole, akaona ngozi inalalamika, akaacha. Ikabidi achore misalaba mipya ya kijani karibu na ile myeusi, na ili zamu nyingine wasije wakachanganyikiwa, akaandika pembeni ya kila msalaba mweusi, kwa herufi kubwa: SIYO. Kifua cha Fundi kikawa kama daftari la mtoto mzito wa kusoma. Fundi alipojiona kwenye kioo alicheka mpaka akakohoa, akasema amekuwa seremala miaka yote hiyo na hakuwahi kupewa kosa kwa maandishi.

Wifi yake aliposikia, Mama Pasi alijiandaa kwa upanga wa ule ulimi. Haukutoka. Wifi aliiacha simu kwenye kiti cha uzi, akasimama akachukua mashuka ya kaka yake, akayafua mwenyewe, vibaya, akayaanika kamba moja na gauni lake. Mama Pasi aliona povu limebaki kwenye pindo, akaliacha. Matusi angeyaweza. Huruma ya wifi ilimmaliza nguvu.

Siku hiyo hiyo mchana alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye banda la Fundi. Alimkuta amekaa juu ya rundo la mbao, hafanyi kitu, anapapasa kipande cha mninga. Akasimama mlangoni.

"Wewe uliona," akamwambia. Hakuwa anauliza.

Fundi aliendelea kupapasa ule ubao. "Niliona."

"Lini?"

"Ulipoivuta ngozi. Mtu hapigi mstari juu ya kitu kilichovutwa. Kikiachiwa, mstari unahama."

"Na ukanyamaza. Mwanagenzi wako akikosea unywele mmoja unamrushia nyundo, mimi nakuchora kifuani unaniambia mkono wangu haujatetereka."

"Haukutetereka," Fundi akasema. Sauti yake siku hizo ilikuwa kavu, kama ya msumeno butu. "Ulikuwa unaimba, mama. Tangu tutoke kwa daktari ulikuwa hujaimba. Nikasema wale wana mashine kubwa hivyo, watapima wenyewe. Nikakuacha."

Mama Pasi alitaka kumpiga na alitaka kumpigia magoti, na kwa kuwa mambo hayo mawili hayafanyiki kwa pamoja, akakaa naye juu ya zile mbao. Wakakaa hivyo, wamepakana mabega, wakiangalia uani ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia.

Walimaliza matibabu. Mashine iliharibika katikati, wakasubiri fundi wake kutoka mbali, ikatengenezwa, wakaendelea. Hayo nayo hayakuwa mikononi mwa mtu. Pekundu pa kifuani palichubuka, pakapona, pakabaki peusi na pagumu. Kikohozi kikaja, daktari akasikiliza kwa bomba lake akasema ni lile pafu, akatoa vidonge. Kuhusu uvimbe akasema picha inaonyesha umepungua upande mmoja. Upande wa pili bado ni mapema kusema. Wajaribu vyakula laini, wasilazimishe, warudi baada ya muda. Mama Pasi alimuuliza kama mzee atakuja kumeza au hatakuja kumeza, na daktari, ambaye hakuwahi kuwapaka mafuta, alisema hajui.

Siku mbili tatu maji yalipita. Uji mwepesi ukapita, taratibu, kwa kusimama na kusukuma. Mama Pasi hakutangaza mtaani. Aliogopa hata kufurahi kwa sauti.

Mchana mmoja alipika wali, akaupondaponda ukawa kama wa mtoto, akauloweka kwa mchuzi uliochujwa, akauweka kwenye sahani na kijiko kidogo. Fundi akakaa mezani, ameoga, amechana nywele, kama mtu aliyealikwa. Wifi alitoka akaenda uani, alisema anakwenda kupokea simu, na simu haikuwa imelia.

Fundi akachota ncha ya kijiko. Akaweka mdomoni. Akafumba macho, akatafuna, ingawa hapakuwa na cha kutafuna. Mama Pasi alikuwa amesimama ng'ambo ya meza, akitazama shingo yake. Alimwona anajiandaa. Na shingo ya mumewe ilipopanda, koo lake yeye likapanda pia, akameza mate, kwa nguvu, mpaka masikio yakaziba. Alimeza tena. Alikuwa anammezea, kama kwamba kitu hicho kingeweza kufanywa na mtu kwa niaba ya mwingine.

Fundi alibaki ametulia. Uso ukaanza kubadilika. Akaweka ngumi katikati ya kifua, akaibana, hakupiga. Kisha akanyoosha mkono kuelekea bakuli, mkewe akamsogezea, akamshika paji la uso, wali ukarudi wote kama ulivyokwenda, mweupe, haujachafuka.

Alimfuta mdomo. Alisema labda mchuzi ulikuwa mzito, kesho atachuja mara mbili. Alisema labda ni uchovu. Alisema daktari kasema bado ni mapema. Fundi alimwacha amalize yote, halafu akaisukuma sahani juu ya meza, ikafika upande wa mkewe.

"Kaa ule," akamwambia.

"Sina njaa, mzee wangu."

"Najua. Kula nikuone."

Mama Pasi akavuta kiti. Akachota kijiko, kidogo. Fundi akatikisa kichwa, mkewe akachota kilichojaa. Akala. Wali ulikuwa umepoa na haukutaka kupita, aliusukuma kwa kila alichokuwa nacho ndani ya kifua, ukapita. Mumewe alikuwa ameegemeza viwiko mezani, macho yapo mdomoni mwa mkewe, na taya lake linasogea kidogo pamoja na la mkewe.

"Chumvi imekaa?" akauliza.

"Imekaa."

"Na kitunguu?"

"Kimeiva vizuri. Kitamu."

"Chota tena," Fundi akasema, na mkewe akachota.